Darius Milhaud, Mtunzi Mfaransa wa Mitindo Mingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Darius Milhaud alikuwa nani?

Alikuwa mtunzi wa muziki wa Ufaransa aliyezaliwa Marseille tarehe 4 Septemba 1892, akalelewa katika mji wa Aix-en-Provence, na kufariki Geneva tarehe 22 Juni 1974. Orodha rasmi ya tungo zake inaishia namba 443, na ndani yake zimo opera ndefu na opera zisizozidi dakika kumi, bale, simfoni 12 za okestra kubwa, kwarteti 18 za ala za nyuzi, muziki wa filamu, muziki wa ibada ya sinagogi, vipande vya piano vya wanafunzi, na hata utungo wa sauti za waimbaji uliochukua maneno yake kutoka katika maelezo ya mitambo ya kilimo. Ni watunzi wachache wa karne ya 20 walioandika mengi kiasi hicho, na pengine hakuna aliyegusa aina nyingi zaidi.

Kwa nini anaitwa mtunzi wa mitindo mingi? Je, hiyo ni sifa au ni lawama?

Imetumika kwa maana zote mbili. Wanaomsifu husema kwamba alikuwa na masikio yaliyofunguka kwa kila sauti aliyokutana nayo: ngoma na dansi za Rio de Janeiro, bluzi za Harlem, nyimbo za kienyeji za Provence, sala za Wayahudi wa kusini mwa Ufaransa, na kontrapunto ya Bach, yaani ule ufundi wa kusuka sauti kadhaa zinazojitegemea ziwe kitu kimoja. Wanaomlaumu husema kwamba mtu aliyechukua kutoka kila mahali hakuwa na mahali pake.

Lawama hiyo ni rahisi kuitoa kwa msikilizaji aliyesikia kazi mbili au tatu tu. Anayesikiliza kumi na tano hugundua kwamba Milhaud anatambulika mara moja, hata pale anapoazima. Sauti ya juu karibu kila wakati ni wimbo ulio wazi, mfupi, unaoweza kupigiwa mluzi. Chini yake sauti nyingine zinatembea kwa njia zao bila kuujali sana. Na juu ya yote kuna mwanga fulani mkali wa kusini, usiopenda ukungu wala kujikunja. Alichobadilisha kutoka kazi moja hadi nyingine ni malighafi, na mkono unaoifanyia kazi ulibaki uleule.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Baba yake, Gabriel, alikuwa mfanyabiashara wa lozi mjini Aix, na mama yake, Sophie Allatini, alitoka Marseille katika ukoo wa Kiyahudi wenye asili ya Italia. Familia ya baba ilikuwa ya Wayahudi waliokaa kwa karne nyingi katika eneo la Comtat Venaissin, karibu na Avignon, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa chini ya mamlaka ya Mapapa na ambako Wayahudi waliruhusiwa kuishi hata walipofukuzwa kutoka ufalme wa Ufaransa. Milhaud alianza kitabu cha maisha yake kwa kujitambulisha kuwa Mfaransa wa Provence mwenye dini ya Kiyahudi, na mpangilio huo wa maneno haukuwa wa bahati mbaya: hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili, wala hakutaka mtu amchagulie mojawapo.

Nyumba ilikuwa na uwezo na ilipenda muziki. Mtoto alianza masomo ya fidla akiwa na miaka saba, na akiwa bado kijana alipata marafiki wawili waliomwathiri kwa muda mrefu, Armand Lunel na Léo Latil, wote wakiwa na mwelekeo wa uandishi. Lunel alikuja kumwandikia maneno ya opera kadhaa. Latil aliuawa vitani mwaka 1915, na Milhaud akaandika kwa kumbukumbu yake kwarteti ya tatu, ambamo sauti ya mwanamke inaimba maneno yaliyotoka katika kumbukumbu za marehemu.

Alisomea wapi muziki?

Mwaka 1909 alihamia Paris kusoma katika Conservatoire, chuo kikuu cha muziki cha taifa. Aliingia kama mpiga fidla lakini utunzi ukamvuta. Miongoni mwa walimu wake walikuwa Paul Dukas na Charles-Marie Widor, ila aliyemjenga zaidi ni André Gedalge, aliyefundisha kontrapunto na aliyesisitiza kwamba mwanafunzi aweze kuandika sauti moja tupu, ndefu, inayosimama bila msaada wa kitu kingine. Ukisikiliza kazi za Milhaud za miaka 50 baadaye bado unaisikia nidhamu hiyo.

Kwa upande mwingine hakuvutiwa kabisa na Wagner, mtunzi Mjerumani wa opera ambaye wanamuziki wengi wa wakati huo walikuwa wakimwabudu. Aliwapenda Debussy na Mussorgsky. Ladha hiyo ya ujanani haikubadilika.

Ilikuwaje akaenda Brazili?

Mwaka 1912 alikutana na Paul Claudel, mshairi na mwandishi wa tamthilia aliyekuwa pia mwanadiplomasia. Mmoja alikuwa Mkatoliki mwenye imani kali na mwingine Myahudi mwenye kushika dini yake, mmoja mtu mzima na mwingine kijana, lakini walielewana tangu siku ya kwanza na wakafanya kazi pamoja hadi Claudel alipofariki mwaka 1955. Kazi yao kubwa ya mwanzo ilikuwa muziki wa tamthilia tatu za Aeschylus ambazo Claudel alizitafsiri kutoka Kigiriki. Katika ya pili, Les Choéphores ya mwaka 1915, kuna sehemu ambazo kwaya haiimbi bali inanena kwa mdundo uliopimwa, ikisindikizwa na ala za kugonga peke yake. Hata leo sehemu hizo zinashtua.

Claudel alipoteuliwa kuiwakilisha Ufaransa nchini Brazili alimchukua Milhaud kuwa katibu wake, kwa kuwa hali ya afya ilikuwa imemwondolea kijana huyo wajibu wa kwenda vitani. Alifika Rio mwanzoni mwa mwaka 1917, wakati wa kanivali, na kukaa hadi mwishoni mwa 1918. Alizunguka mitaani, akanunua karatasi za muziki wa dansi uliokuwa ukiuzwa madukani, na kukaa mbele ya piano akijaribu kuelewa ni nini hasa kilichoufanya mdundo wa maxixe na tango za huko uonekane kuchelewa kidogo kisha ukafika kwa wakati. Alimsikiliza Ernesto Nazareth, mpiga piano na mtunzi ambaye Wabrazili wanamheshimu hadi leo.

Matunda ya safari hiyo yalitoka baada ya kurudi Paris. Saudades do Brasil, ya 1920 na 1921, ni vipande 12 vya piano, kila kimoja kikiwa na jina la sehemu ya Rio na viunga vyake: Botafogo, Copacabana, Ipanema, Tijuca na vinginevyo. Mkono wa kushoto unacheza dansi ya Rio kwa uaminifu, huku wa kulia ukiimba katika ufunguo mwingine wa muziki, kama vile mji unakumbukwa na mtu ambaye tayari yuko mbali nao.

Je, ni kweli kwamba katika Le Bœuf sur le toit alichukua nyimbo za watu bila kuwataja?

Ndiyo, alichukua. Kazi hiyo ya mwaka 1919 imeunganisha zaidi ya tuni 20 zilizokuwa zikipigwa Brazili, nyingi zikiwa za watunzi waliojulikana kwa majina, kama vile Nazareth, Marcelo Tupinambá na Chiquinha Gonzaga. Hata jina la kazi linatokana na tango moja ya Kibrazili inayomtaja ng'ombe juu ya paa. Milhaud alieleza hadharani kwamba alikuwa amekusanya tuni za dansi zilizopendwa, lakini hakuorodhesha wenyewe, na ilichukua miongo mingi hadi watafiti wa Brazili walipozichambua moja baada ya nyingine.

Wapo wanaomtetea kwa kusema kwamba kuunganisha nyimbo za mitaani ni desturi ya zamani, na kwamba kiitikio kinachorudi kila mara, kikihama kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine mpaka kimezunguka kote, ni chake mwenyewe. Utetezi huo una uzito kisanaa. Hata hivyo, karatasi alizonunua Rio zilikuwa zimechapishwa majina ya wenye tuni, naye alikuwa nazo mkononi. Msikilizaji wa leo anaweza kuifurahia kazi hiyo na bado akasema kwamba majina hayo yalistahili kutajwa.

Kuhusu jukwaa: Milhaud aliwazia kwamba muziki huo ungefaa kusindikiza filamu yoyote bubu ya Charlie Chaplin. Mshairi Jean Cocteau aliamua vingine, akautungia mchezo wa ukimya unaotokea ndani ya baa ya Marekani, wenye wachekeshaji wa sarakasi wa familia ya Fratellini na mandhari ya mchoraji Raoul Dufy. Ulionyeshwa mara ya kwanza Februari 1920 mjini Paris, na miaka miwili baadaye baa ya kweli ikafunguliwa jijini humo kwa jina hilohilo. Watu wengi waliomjua Milhaud kwa kazi hii walimchukulia kuwa mchekeshaji, jambo lililomuudhi kwa miaka mingi.

Kundi la Sita lilikuwa nini, na nafasi yake humo ilikuwa ipi?

Januari 1920 mhakiki Henri Collet aliandika makala gazetini akiwalinganisha watunzi sita vijana wa Paris na wale watunzi Watano mashuhuri wa Urusi. Majina yalikuwa Georges Auric, Louis Durey, Arthur Honegger, Darius Milhaud, Francis Poulenc na Germaine Tailleferre, mwanamke pekee kati yao. Walikuwa marafiki, walikutana Jumamosi jioni kwa chakula na muziki, lakini hawakuwa na itikadi moja. Honegger, kwa mfano, alimpenda Wagner ambaye Milhaud hakuweza kumvumilia. Jina likawaganda tu, na vitabu vya historia vimeendelea kulitumia kwa kuwa linarahisisha kazi ya mwandishi.

Aliyewalea kwa namna yake alikuwa mtunzi Erik Satie. Machi 1920, Satie na Milhaud walifanya jaribio katika jumba moja la sanaa mjini Paris: muziki wa kuwa sehemu ya samani za chumba, usiotakiwa kusikilizwa. Wapigaji walitawanywa pembeni mwa ukumbi, watazamaji wakaombwa waendelee kuzungumza na kutembea, lakini muziki ulipoanza wote walinyamaza na kurudi vitini. Satie akazunguka akiwasihi wapige soga. Mtu anayesikia muziki usiokoma katika maduka makubwa na lifti za siku hizi atakubali kwamba wazo lenyewe lilikuja kushinda, ingawa siku ile lilishindwa. Satie alipougua na kufariki mwaka 1925, Milhaud alikuwa miongoni mwa marafiki waliomhudumia na kuokoa miswada iliyokutwa katika chumba chake kilichojaa vumbi huko Arcueil.

Politonali ni nini, na kwa nini inahusishwa naye?

Ni kutumia funguo mbili au zaidi za muziki kwa wakati mmoja. Msomaji aliyewahi kuimba kwaya kwa nota za solfa atalielewa jambo hili haraka: ni sawa na mwalimu kuwapa soprano do yao mahali pamoja na besi do nyingine kabisa, kisha kila upande ukaimba sehemu yake kwa usahihi bila kuyumbishwa na mwenzake. Sauti zinagongana, lakini kila moja peke yake ni safi.

Milhaud hakuibuni. Stravinsky alikuwa ameitumia kabla yake, na Milhaud mwenyewe alionyesha mbegu zake katika muziki wa Bach. Alichofanya ni kuichunguza kwa utaratibu, akaandika makala juu yake mwaka 1923, na kuitumia kwa miaka yake yote kama lugha ya kawaida. Inafaa kuitofautisha na njia ya Schoenberg wa Vienna, aliyeuacha ufunguo kabisa. Milhaud alimheshimu sana Schoenberg: ndiye aliyeongoza kazi mashuhuri ya Schoenberg, Pierrot lunaire, ilipopigwa Paris, na mwaka 1922 yeye na Poulenc walimtembelea Vienna, ambako kazi hiyo ilipigwa mara mbili nyumbani kwa Alma Mahler, mjane wa mtunzi Gustav Mahler, mara moja ikiongozwa na Schoenberg na mara nyingine na Milhaud. Lakini hakumfuata. Kwa mtu wa Provence, alivyoona, wimbo lazima uwe na nyumbani. Yeye aliupa nyumba mbili au tatu kwa mpigo.

Je, La création du monde ni muziki wa Kiafrika?

Hapana, ingawa mara nyingi huelezwa hivyo kwa haraka. Tungo hiyo ya mwaka 1923 ina tabaka tatu, na ni vizuri kuzitenganisha.

Tabaka la kwanza ni hadithi. Mwandishi Blaise Cendrars alikuwa amechapisha mwaka 1921 mkusanyo wa masimulizi ya Kiafrika yaliyoandikwa na wamisionari na wasafiri, na kutoka humo akatayarisha muhtasari wa bale kuhusu uumbaji, wenye miungu ya simulizi za Wafang wa Afrika ya kati magharibi: Nzame, Mebere na Nkwa. Tabaka la pili ni macho. Mchoraji Fernand Léger alibuni mandhari na mavazi kwa kuangalia sanamu za Kiafrika zilizokuwa zikikusanywa Paris, akawafunika wachezaji kwa maumbo mazito kiasi kwamba walitatizika kucheza. Hayo mawili yalitoka Afrika, lakini kupitia mikono ya Wazungu ambao wengi wao hawakuwa wamefika huko.

Tabaka la tatu, yaani muziki wenyewe, lilitoka New York. Milhaud alizuru Marekani mwaka 1922, akaenda Harlem, na kusikia humo wanamuziki weusi wakipiga kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia katika bendi za jazz zilizokuwa zimefika London na Paris. Alirudi na sahani za santuri alizozisikiliza mpaka zikachakaa. Kisha akaandika kwa kikundi kidogo cha watu wasiofika 20, akiweka saksafoni pale ambapo kwa kawaida pangekuwa na viola, na akajenga baada ya utangulizi fuga, yaani sehemu ambayo sauti zinaingia moja baada ya nyingine kwa wimbo uleule, yenye mada ya bluzi, inayoanzia chini kwenye besi na kupanda kupitia ala za upepo. Ilionyeshwa Paris tarehe 25 Oktoba 1923 na kundi la Ballets Suédois, miezi kadhaa kabla Mmarekani Gershwin hajatoa Rhapsody in Blue.

Wahakiki waliikejeli, wakisema inafaa hotelini na kwenye kumbi za dansi. Milhaud aliandika baadaye, kwa kejeli yake ya upole, kwamba wahakiki haohao miaka kumi mbele walikuwa wakijadili falsafa ya jazz na kuitaja kazi hii kuwa bora kuliko zake zote. Kwa maoni yangu, wa mara ya pili hawakukosea.

Aliandika opera ngapi, na zipi zinakumbukwa?

Zinazidi kumi na tano, na zinatofautiana mno. Mwaka 1927 aliandika L'enlèvement d'Europe, yenye urefu wa takribani dakika tisa, kisha akaiongezea nyingine mbili fupi vilevile ili zichezwe kwa usiku mmoja. Le pauvre matelot ya mwaka huohuo, yenye maneno ya Cocteau, inasimulia juu ya baharia anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi, anajifanya mgeni ili kuupima uaminifu wa mkewe, na mke huyo anamuua usiku ili amwibie mali apate kumsaidia mume anayemsubiri. Ilipata mafanikio makubwa, hasa Ujerumani.

Upande wa pili wa mizani kuna Christophe Colomb, ya Claudel, iliyofunguliwa katika opera ya taifa ya Berlin Mei 1930 chini ya Erich Kleiber, ikiwa na kwaya kubwa, mandhari 27 na picha za sinema zilizoonyeshwa jukwaani sambamba na waimbaji. Baadaye zilifuata Maximilien na Bolivar, ambazo pamoja na hiyo ya Columbus ziligusa historia ya bara la Amerika, na pia David, iliyosikika mara ya kwanza Jerusalem mwaka 1954. Leo ni chache zinazopandishwa jukwaani, kwa kuwa zile kubwa ni ghali na zile fupi haijulikani ziwekwe wapi katika ratiba ya usiku.

Kwa nini aliondoka Ufaransa mwaka 1940?

Kwa sababu angebaki angeuawa. Alikuwa Myahudi, mashuhuri, na tangu miaka ya 1930 muziki wake ulikuwa umepigwa marufuku Ujerumani. Opera yake Médée ilichezwa Paris Mei 1940, wiki chache kabla ya jiji kuangukia mikononi mwa Wajerumani. Yeye, mkewe na mtoto wao wakavuka Hispania hadi Lisbon, wakapata nafasi ya meli, na wakafika New York Julai. Kisingizio halali cha safari kilikuwa mwaliko wa okestra ya Chicago, iliyokuwa imemwagiza simfoni kwa maadhimisho ya miaka 50 ya kuanzishwa kwake. Aliiongoza mwenyewe huko Oktoba mwaka huo. Hiyo ndiyo Simfoni ya Kwanza, naye alikuwa ameiandika akiwa na miaka 47. Wakiwa bado baharini ilimfikia simu ya maandishi ya kumpa kazi ya ualimu katika Mills College, kilichokuwa chuo cha wanawake mjini Oakland, California. Kiongozi wa okestra Pierre Monteux, Mfaransa aliyekuwa San Francisco, alikuwa amesaidia kutafuta nafasi hiyo.

Wazazi wake walibaki Aix na wakafariki wakati wa vita bila yeye kuwaona tena. Ndugu zake wengi wa ukoo walifia katika kambi za Wanazi. Mwaka 1954 aliandika kantata Le château du feu kwa kumbukumbu ya waliopelekwa huko.

Alifundisha nani?

Kuanzia 1947 hadi 1971 alikuwa akigawa muda wake kati ya Mills na Conservatoire ya Paris, akikaa mwaka mmoja huku na mwaka mwingine kule, na wakati wa kiangazi akifundisha Aspen, Colorado. Kwa hiyo orodha ya waliopita kwake ni ndefu na ina watu wasiofanana hata kidogo: Dave Brubeck wa jazz, Burt Bacharach wa nyimbo za pop, William Bolcom, Steve Reich, Philip Glass, na kwa muda mfupi Iannis Xenakis na Karlheinz Stockhausen.

Brubeck alimwendea baada ya kutoka jeshini mwaka 1946, akiwa na shauku ya kuwa mtunzi wa muziki wa okestra, na Milhaud akamhimiza asiiache jazz, kwa kuwa ndiyo lugha yake. Brubeck alimpa mwanawe wa kwanza jina la Darius. Mtoto huyo naye akawa mwanamuziki, na kuanzia miaka ya 1980 alifundisha jazz kwa muda mrefu katika Chuo Kikuu cha Natal mjini Durban, hivyo jina la mwana wa mfanyabiashara wa lozi likafika hadi Afrika Kusini. Bacharach, kwa upande wake, alisimulia mara nyingi kwamba aliwahi kumpelekea mwalimu kazi yenye wimbo mtamu kupita alivyoona inafaa darasani, akajitayarisha kuomba radhi, na Milhaud akamwambia asione haya kamwe kuandika kitu ambacho watu wanaweza kukikumbuka.

Ukiuliza kwa nini mwalimu mmoja alizaa wanafunzi wa aina mbalimbali hivyo, jibu liko katika mitindo yake mwenyewe. Mtu aliyepita Rio, Harlem, Vienna na Carpentras, mji wa Comtat, hakuwa na shule ya kumlazimisha mwingine aiingie. Alidai kontrapunto safi. Mengine aliyaacha kwa mwanafunzi.

Dini ilikuwa na nafasi gani katika muziki wake?

Nafasi kubwa, na ya utulivu. Poèmes juifs, yaani mashairi ya Kiyahudi, ni ya 1916. Opera ya kuchekesha Esther de Carpentras, kwa maneno ya Lunel, inaonyesha Wayahudi wa Comtat wakisherehekea Purimu, sikukuu ya Malkia Esta, mbele ya askofu anayetaka kuwabatiza. Service sacré, ya mwaka 1947, aliiandika kwa ajili ya sinagogi la Emanu-El la San Francisco, akitumia tuni za ibada za Wayahudi wa Provence alizozijua tangu utotoni, na wengi huihesabu kuwa kati ya kazi zake zenye kina zaidi. Vilevile mwaka 1963 aliutungia muziki waraka wa Papa Yohane XXIII kuhusu amani duniani, Pacem in terris, kwa kwaya na okestra. Wapo waliomuuliza kwa nini Myahudi aufanyie muziki waraka wa Papa. Kwa mtu aliyefanya kazi na Claudel kwa zaidi ya miaka 40, swali hilo halikuwa gumu.

Je, alikuwa mgonjwa?

Alisumbuliwa na baridi yabisi tangu ujanani, na kwa miaka mingi ya utu uzima alitumia kiti cha magurudumu. Maumivu yalimlaza kitandani kwa majuma, lakini aliandika hata hapo. Alisafiri sana, akaongoza okestra akiwa ameketi. Aliyemwezesha kuyafanya hayo yote alikuwa mkewe Madeleine, binamu yake aliyemwoa mwaka 1925, mwigizaji na msomaji mahiri wa mashairi jukwaani, ambaye pia aliandika maneno ya opera zake tatu. Madeleine aliishi hadi mwaka 2008, akifikisha zaidi ya miaka 100, na kumbukumbu zake zimewafaa sana watafiti. Mwana wao Daniel alikuwa mchoraji.

Je, aliandika haraka mno?

Aliandika haraka, mara nyingi bila piano, ndani ya treni, katika chumba chenye watu wanaozungumza, na kwa kawaida bila kufutafuta. Mwaka 1920 alitangaza kwamba ataandika kwarteti 18, moja zaidi ya Beethoven, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akakamilisha ya 18 na kuacha. Ya 14 na ya 15 zinaweza kupigwa kila moja kivyake, kisha zote mbili kwa pamoja kama utungo wa watu wanane. Ni ufundi wa hali ya juu, ingawa lazima isemwe kwamba zikiunganishwa sauti inajaa mno na sikio linachoka.

Wingi huo umemgharimu. Katika simfoni na konseto za miaka ya mwisho kuna kurasa ambazo mkono unatembea kwa mazoea, sauti ni nzito na wimbo hauna la kusema. Mhakiki mwadilifu hawezi kuficha hilo. Lakini si sahihi kudhani kwamba angeandika theluthi tu basi ingekuwa theluthi bora. Yeye alikuwa mtu wa kufikiri kwa kuandika, na kazi kubwa zilitoka katika mtiririko uleule uliotoa zile za kawaida.

Nianze na kazi zipi?

Anza na La création du monde, ambayo haifiki dakika 20. Baada ya hapo msikilize Milhaud wa Provence: Suite provençale ya 1936, yenye tuni za karne ya 18, na La cheminée du roi René ya 1939, kwa ala tano za upepo, iliyotokana na muziki wa filamu. Ukipiga ala katika bendi ya shule au ya jeshi huenda umekwisha kukutana na Suite française ya 1944, aliyoiandika kwa bendi za vijana wa Marekani ili wazijue nyimbo za mikoa ambako askari walikuwa wakipigania ukombozi wa nchi yake. Wapiga piano wawili watafute Scaramouche ya 1937, ambayo sehemu yake ya mwisho ni samba ya kasi. Milhaud alishangaa kwamba kipande alichokiona kidogo ndicho kilichouzwa kuliko vingine.

Kwa anayetaka kuingia ndani zaidi kuna Saudades do Brasil, Les Choéphores, na Service sacré. Le Bœuf sur le toit iwekwe baada ya hizo, si kabla, ili mzaha wake usimfiche mtu aliyeuandika. Simfoni zinaweza kungoja, isipokuwa ya Kwanza, hasa sehemu yake ya mwanzo, tulivu kama shamba la asubuhi, aliyoiandika Aix katika miezi ambayo Ulaya ilikuwa ikiingia vitani.